Loisi na Neno Lililomkosesha Ng'ombe

Loisi aliingia barazani akiwa na ng'ombe saba, akatoka hana hata mmoja, na kwa muda wa miezi mitano hakujua ni kwa nini.

Ulikuwa mwaka ule reli ya Wajerumani ilipokuwa ikikaribia Dodoma. Loisi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mgogo wa upande wa Mvumi, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo. Mumewe, Chilewa, alikuwa amekufa kwa kichomi mwishoni mwa kiangazi, akamwachia watoto watatu, mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yanafifia, nyumba moja ya tembe na ng'ombe saba. Ng'ombe hao Chilewa naye alikuwa ameachiwa na baba yake, mbele ya wazee, na hapakuwa na mtu kijijini asiyejua habari hiyo. Ndugu pekee wa Chilewa alikuwa amekwenda kuchimba tuta la reli na hakuwa amerudi. Kwa hiyo alipotokea mtu kudai wale ng'ombe, wa kujibu alikuwa Loisi.

Aliyewadai aliitwa Bushiri, mfanyabiashara wa ng'ombe na ngozi, mjukuu wa watu waliofika bara na misafara. Alidai kwamba aliwanunua ng'ombe hao zamani kwa baba yake Chilewa, kisha akawaacha pale pale ili Chilewa awachunge na kunywa maziwa, kama desturi ya nchi ile ilivyo. Sasa Chilewa amekufa, na yeye anataka mali yake. Alimpelekea Loisi habari hiyo kwa upole, akaongeza kwamba asipokubali watakutana kwa Bwana Shauri, ndivyo watu walivyomwita Mjerumani aliyesikiliza mashauri katika boma.

"Tutakutana," Loisi alimjibu mjumbe.

Hakuwa na hofu. Kwanza alikuwa na haki. Pili, tofauti na wanawake wengi wa kijiji chake, alijua Kiswahili. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika kwa Methusela, mwalimu wa misheni, ambaye alikuwa Mgogo kama yeye. Vitabu vya Kiswahili alivisoma bila kukwama. Wazee walipotaka kumtafutia mtu wa kumsemea alikataa. "Mdomo ninao," alisema.

Boma lilikuwa mwendo wa siku mbili. Asubuhi ya baraza watu walikuwa wamejaa uani, na Bwana Shauri alikaa mezani akionekana kuchoka kabla hata jua halijapanda. Pembeni yake alisimama Mustapha, mkalimani, mtu wa Pangani aliyevaa kanzu safi na aliyejua Kijerumani cha kazi. Bushiri alisema kwanza. Kiswahili chake kilikwenda bila kugonga popote. Mustapha alikuwa akimwitikia kwa kichwa hata kabla ya kufasiri.

Kisha akageuka. "Haya, wewe mwanamke. Sema."

Loisi alipiga goti, akainuka. "Bwana, wale ng'ombe si wa Bushili. Malehemu mume wangu aliwalisi."

Kicheko kikaanzia kwa askari waliokaa ukutani, kikaenea. Mtu mmoja akarudia, "Malehemu." Mustapha mwenyewe alitabasamu, akapangusa mdomo kwa kiganja. Hakumwuliza Loisi neno lolote. Alimgeukia Mjerumani, akasema naye kwa Kijerumani maneno machache tu, na Mjerumani akaandika.

"Basi," Mustapha akasema. "Nenda zako."

"Nimeshinda?"

"Shauri lako limekwisha, mama. Wanaofuata."

Juma lile lile askari wawili walifika Mvumi pamoja na Bushiri na kuwafungua ng'ombe zizini. Mama mkwe alisimama mlangoni akisikiliza kwato zikipita, kwa kuwa kuona vizuri hakuweza. Alihesabu kwa masikio. Ng'ombe walipopita wote saba aliingia ndani, akalala, na hakula siku hiyo.

Loisi alirudi bomani mara mbili. Mara ya kwanza hakuruhusiwa kupita lango. Mara ya pili askari mmoja alimwonea huruma akamwambia, "Mama, utasumbuka bure. Wewe mwenyewe ulikiri mbele ya Bwana Shauri."

"Nilikili nini?"

Askari alicheka. "Hata neno kukiri hujui kulitamka."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Loisi alijiuliza alikiri nini. Alirudia kila neno alilosema pale barazani, moja moja, na kila neno lilikuwa la kweli. Mtu aliyenyang'anywa kwa nguvu anajua amchukie nani. Yeye aliambiwa kwamba alitoa mwenyewe, kwa kinywa chake, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Bila maziwa watoto walianza kukonda. Mtama wa mwaka ule ulikuwa haba. Loisi aliwaacha watoto kwa mama mkwe, akaenda Dodoma, ambako reli ilikuwa imefika na watu kutoka kila pembe walikuwa wakipiga mahema na kujenga vibanda. Alipata kazi ya kutwanga na kusaga kwa mama mmoja aliyekuwa akipikia wafanyakazi wa reli. Mama huyo aliitwa Mwanamvua. Alizaliwa pwani, akaja bara na msafara, akafiwa na mume na kubaki. Alikuwa mnene, mwepesi wa kukaripia na mwepesi zaidi wa kusamehe.

Jioni moja, vyombo vikiwa vimekwisha kuoshwa, Mwanamvua alimwuliza kwa nini mwanamke mwenye kwao na watoto amekuja kusaga unga wa watu. Loisi akamsimulia yote. Alipofika kwenye maneno aliyosema barazani akayasema vile vile: "Nikamwambia, malehemu mume wangu aliwalisi."

"Aliwalisha?" Mwanamvua akauliza. "Aliwalishia nani?"

"Si aliwalisha, Bi Mwanamvua. Aliwalisi. Kutoka kwa baba yake."

"Kutoka kwa baba yake..." Mwanamvua aliweka chini sufuria aliyoishika. "Mwanangu, unataka kusema aliwarithi?"

"Ndiyo. Aliwalisi."

Wakatazamana. Mwanamvua ndiye aliyeelewa kwanza, lakini Loisi hakukawia. Mustapha alikuwa amesikia aliwalisha. Bushiri alidai kwamba Chilewa alikuwa mchungaji tu, na mjane wa Chilewa akasimama mbele ya watu wote na kusema ndiyo, mume wangu aliwalisha. Ng'ombe saba waliondoka hivyo.

Loisi hakulia. Aliingia ndani, akatoa Injili yake kwenye kitambaa, akatafuta mahali pale panaposema juu ya wapole kuirithi nchi. Neno lilikuwa pale. Alikuwa akilisoma tangu alipojua kusoma. Jicho lake liliiona r na liliiona th, ila ulimi wake ulipita palipokuwa na njia, kwa sababu katika Kigogo sauti hizo hazipo, na mwalimu Methusela naye alipita pale pale.

"Nifundishe," akamwambia Mwanamvua.

Haikuwa kazi ndogo. Mwanamvua alimwambia ainue ncha ya ulimi nyuma ya meno na kuitikisa, na ulimi wa Loisi ukalala kama ndama aliyegoma. Kwa th alitakiwa autoe ulimi kati ya meno na kupuliza, naye aliona haya, maana kwao kumtolea mtu ulimi ni matusi. Alifanya mazoezi akiwa jiweni, akisaga: rudi, rangi, barua, rithi. Wasichana waliosaga pamoja naye walimwita kichaa. Baada ya wiki tatu r ilikuja, na ilipokuja ikaja kwa wingi mno. Ikawa anasema chakura na ugari, na anawaaga watu kwamba anakwenda kurara. Wafanyakazi wa reli walicheka hadi kumwaga mchuzi.

"Wakicheka wewe endelea," Mwanamvua alimwambia. "Unafikiri mimi nilizaliwa na ulimi huu? Mama yangu alitoka mbali huko bara. Hakwenda pwani kwa hiari yake. Alijifunza kusema kama wao ili mtu asimwulize ametoka wapi. Na mimi nilipokosea alinifinya hapa." Akashika nyama ya mkono wake, juu ya kiwiko. "Kila neno unalolisikia zuri kwangu, nilifinywa kwalo."

Loisi alimtazama kwa namna nyingine tangu siku hiyo.

Mwezi wa nne tangu afike Dodoma aliandika barua. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, na karani mmoja wa stesheni aliyekuwa akila pale, kijana mpole aliyeitwa Hamidi, aliipitia na kuona hakuna cha kusahihisha. Loisi aliandika kwamba shauri lake lilifasiriwa vibaya, kwamba mumewe aliwarithi wale ng'ombe, na kwamba anao mashahidi wa urithi huo, ilhali Bushiri hakuleta hata mmoja wa ununuzi. Hamidi aliipeleka kwa posta ya serikali. Wiki sita zikapita. Kisha jibu likaja: Loisi afike baraza la mwezi ujao, pamoja na mashahidi wake.

Kwanza alikwenda nyumbani kuwachukua wazee. Huko alipata jambo asilolitazamia. Siku ya ibada aliombwa asome, akasoma kwa matamshi mapya, kwa kuwa hakutaka ulimi usahau. Wanawake waliguna. Baadaye kisimani jirani yake mmoja alisema, si kwa siri, "Miezi michache tu kule relini, amekwisha kuwa Mswahili. Sasa atatuona sisi washenzi." Hata mama mkwe aliuliza taratibu kama kweli ni Loisi aliyesoma, au ni mgeni.

"Ni mimi, mama," Loisi alimjibu kwa Kigogo. "Nimekwenda kuchukua kitu. Nikikipata, tutaona."

Mzee mmoja, Mhawi, ambaye alikuwapo siku baba yake Chilewa alipogawa mali yake, alikubali kutembea siku mbili ingawa goti lake lilikuwa bovu. Loisi akaenda naye pamoja na mzee mwingine, wakipumzika kila mara.

Bwana Shauri alikuwa mwingine. Yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, na huyu mpya alikuwa kijana mwembamba aliyejifunza Kiswahili vitabuni kabla ya kupanda meli. Alikisema polepole na kukisikia nusu, kwa hiyo Mustapha alikuwa bado pale pale, na kanzu yake ile ile safi. Loisi alivaa kanga aliyopewa na Mwanamvua. Alisogea mbele.

"Sabalkheri, bwana."

Mustapha aliinua macho, akaitikia kwa adabu. Hakumtambua. "Mletee bibi kigoda," akamwambia askari. Kigoda kikaletwa. "Bibi ni mwenyeji wa wapi? Bagamoyo?"

"Mimi ni mwenyeji wa hapa, bwana. Wa Mvumi."

Mustapha alitabasamu kama mtu aliyetaniwa, akafungua daftari, akasoma jina. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakabadilika. Alimtazama tena, safari hii kwa makini.

Loisi hakukaa. Alisimama kando ya kigoda.

"Bwana Shauri," alisema, "nitasema jambo langu mara mbili. Mara ya kwanza nitalisema kama nilivyolisema mwaka jana hapa hapa." Akavuta pumzi. "Malehemu mume wangu aliwalisi."

Walicheka, kama mwaka jana. Loisi alingoja. Alingoja mpaka wa mwisho akanyamaza.

"Sasa nalisema tena. Marehemu mume wangu aliwarithi."

Hakuna aliyecheka.

"Bwana Mustapha ni mkalimani. Namwomba akueleze, bwana, kauli ya kwanza ina maana gani, na ya pili ina maana gani."

Bushiri alianza kusema kitu, Bwana Shauri akamzuia kwa mkono.

"Ni neno moja," Mustapha akasema hatimaye.

"Mwaka jana ulilifanya mawili," Loisi akasema.

Bwana Shauri alitafuta katika karatasi za mwaka uliopita, akasoma, akamwuliza Mustapha jambo kwa Kijerumani. Mustapha alijibu kwa sauti ndogo. Akaulizwa tena, akajibu tena, na mara hii aliinamisha kichwa. Ndipo Mjerumani akawaita mashahidi. Mzee Mhawi alisema kwa Kigogo na Loisi akafasiri sentensi kwa sentensi: nani alikuwapo siku ya kugawa mali, nani alipewa nini, ng'ombe gani walikuwa mama na gani walikuwa ndama. Wawili katika wale saba walizaliwa baada ya mwaka ambao Bushiri alidai kuwanunua. Bushiri alipoulizwa shahidi wa ununuzi wake alitaja mtu aliyekufa. Akaulizwa mwingine. Akatafuta, akakosa.

Uamuzi ulitoka adhuhuri. Ng'ombe warudishwe. Mmoja alikuwa amekwisha kuchinjwa na mwingine alikufa kwa ugonjwa, kwa hiyo waliorudi walikuwa watano, na Bushiri akaamriwa kuongeza mitamba miwili ya kwake, jambo alilolitimiza kwa kuchelewa na kwa kununa.

Loisi alikuwa akifunga mzigo wake nje ya lango Mustapha alipomfuata. Alisimama mbali kidogo.

"Mama," alisema, "kwa nini hukunisahihisha siku ile?"

"Ulinisemea kwa lugha nisiyoijua. Ningesahihisha nini?"

Mustapha akatazama chini. "Siku ile nilikuwa na mashauri kumi na manne."

"Mimi nilikuwa na moja."

Mustapha hakuondoka. Akasema kwamba aliposikia lile *malehemu* aliona amekwisha kumjua mtu aliye mbele yake, na kilichofuata hakukisikiliza sana. Alilisema bila kujitetea. Loisi, ambaye alikuwa amejiandaa kumchukia maisha yake yote, aliona chuki hiyo inamlegea, akakasirika kidogo kwa hilo.

"Wako wengine," alimwambia. "Kila baraza wako wengine. Nitakuja."

Na akaja. Kila mwezi, isipokuwa wakati wa palizi, Loisi alitembea siku mbili hadi bomani akakaa uani na wanawake wa Kigogo waliokuwa na mashauri, akiwasikiliza kwanza kwa lugha yao. Hakuna aliyemwajiri. Miezi ya mwanzo alitumia matamshi ya Mwanamvua, maana aliona jinsi yalivyofungua njia. Kisha siku moja alisimama na mwanamke mzee aliyeitwa Matika, ambaye shamba lake liliingiliwa na jirani, na yule mzee akasisitiza kusema Kiswahili chake mwenyewe, kibovu, cha kusuasua. Mustapha alijongea ili amsaidie Loisi kuyafupisha maneno ya mzee.

"Bado anasema," Loisi akamwambia. Na alilisema kwa ulimi wa nyumbani, mzito, wa Mvumi, mbele ya Bwana Shauri na askari wote. Tangu hapo hakuubadilisha tena pale bomani. Aliyetaka kumwelewa alimwelewa. Aliyeshindwa, alimwambia aulize.

Wakati wa palizi ya mwaka uliofuata alimweleza Mustapha kwamba hatafika kwa miezi miwili, na akamshauri ajifunze Kigogo. Mustapha alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Loisi alimfundisha pale uani, kabla ya baraza kuanza, kuanzia salamu. Mustapha alipowaamkia wanawake kwa mara ya kwanza, "Mbukwa" yake ilitoka kama kikohozi cha mbuzi, na sauti zile za puani zenye pumzi zilimshinda kabisa. Wanawake walicheka, wakaegemeana, wengine wakafunika nyuso kwa kaniki. Mkalimani wa Pangani alisimama katikati yao, jasho likimtoka.

"Msimcheke," Loisi akawaambia. "Mwacheni aseme."

Wakanyamaza. Mustapha akajaribu tena, vibaya vile vile, kisha akamwuliza mwanamke wa kwanza jina lake, na shauri lililomleta, na akangoja amalize.